Siku Barabara Ilipokwenda Kuzinduliwa

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, Canter la Wolfgang liliipita Gehandu, likashuka mteremko mmoja, likasimama. Barabara haikuwepo.

Gari lilikuwa limebeba watu kumi na tisa wa Endagikot, mabenchi manne ya kuazima, sufuria mbili, jogoo mmoja na bibi harusi. Siku nyingine zote gari hilo hupeleka vitunguu saumu mnadani. Wolfgang alikuwa ameliosha mara mbili kwa sabuni ya unga, lakini kufikia Gehandu shela ya Fabiola ilikuwa inanukia kama nyama inayokaribia kuiva. Shangazi yake, Getruda, alisema harufu hiyo ni nzuri, inafukuza mbu na wivu.

Wolfgang alizima injini, akashuka, akatazama. Mbele ya magurudumu ardhi ilikuwa imekatwa wima kama mkate. Chini, mahali barabara ilipokuwa imelala miaka yote, udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu. Palikuwa na minyoo, mizizi myeupe, nati nyingi, na ndala saba, zote za mguu wa kushoto. Upana wa mahali penyewe ulikuwa kama hatua thelathini. Baada ya hapo ardhi iliendelea kama kawaida, na iliendelea kwa njia panda ya kanisa la Masakta. Kanisa lenyewe lilionekana vizuri, limefungwa maputo mlangoni. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa anakoroga pilau, na aliposimama kunyoosha mgongo walimwona akinyoosha mgongo.

Kando ya ukingo, chini ya mwavuli, alikaa kijana mmoja kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Jina lake lilikuwa Octavian, mtumishi wa ofisi inayohusika na barabara, aliyehamishwa kutoka Lindi miezi minane iliyopita na ambaye bado hakuwa amepata joto. Mapajani alikuwa na daftari kubwa.

"Shikamoo mama," alimwamkia Getruda.

"Marahaba. Barabara iko wapi?"

"Imesafiri."

"Imekwenda wapi?"

"Mjini. Inazinduliwa leo."

Getruda alikuwa kiongozi wa akina mama wa jumuiya kwa miaka kumi na mitatu, na alikuwa amezoea majibu ya ofisini. Aliuliza kwa nini barabara izinduliwe mjini wakati yenyewe inakaa huku. Octavian akaeleza. Mgeni rasmi alipangiwa kuja hapa hapa, mahema yakaagizwa, kwaya ikafanya mazoezi. Halafu wakatangulia watu wa kukagua njia, wakaona kwamba gari la mgeni rasmi haliwezi kupita kwenye barabara anayokuja kuizindua. Barabara ikaandikiwa barua kuombwa ifike yenyewe. Ilijibu kwa wakati. Octavian alifungua daftari akawaonyesha nakala. Sahihi ya barabara ilikuwa alama ya tairi.

"Ilikwendaje?" Wolfgang aliuliza. Alikuwa ameipita barabara hiyo miaka ishirini, na aliona uchungu kidogo kwamba haikumwambia.

"Ilikwenda kama barabara zote zinavyokwenda," Octavian alisema. "Mbele."

"Na pale ni Masakta?" Getruda alinyoosha kidole.

"Ndiyo, mama."

"Masakta iko kilomita kumi na moja kutoka hapa."

"Kilomita zilikuwa kwenye barabara, mama. Imeondoka nazo. Zingebaki wapi?"

Getruda aliligeuza jambo hilo kichwani, akaona halina kosa.

"Basi tunavuka kwa miguu," alisema.

"Jaribuni," Octavian alisema, akarudi kwenye daftari lake.

Wolfgang ndiye aliyejaribu. Aliteremka kwenye ule udongo mweusi, akatembea kuelekea kanisani. Alitembea kwa dakika ishirini na tano. Alirusha mikono, alitokwa jasho, soli ya kiatu cha kulia ikaachia, lakini alibaki pale pale, hatua moja kutoka ukingoni, kiasi kwamba Getruda angeweza kumshika kola. Mahali ambapo hakuna kilomita, mtu hana cha kutembea. Alipanda juu, akakaa, akachukua kichwa kimoja cha vitunguu saumu kilichosahauliwa sakafuni mwa gari, akakirusha ng'ambo kwa hasira. Kilifika katikati kikasimama hewani, kikizunguka polepole.

"Hicho kitashuka barabara ikirudi," Octavian alisema. "Usijali, nimekiandika."

"Itarudi saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri, kama hotuba hazitazidi."

Hapo ndipo watu wa kwenye Canter walipoangaliana.

Padre Isidori alikuwa na vigango kumi na kimoja na pikipiki moja. Masakta alifika mara moja kwa miezi mitatu. Leo angefungisha ndoa saa tano, angekula, na saa nane kamili angeondoka kwenda kigango kingine kilichokuwa na mazishi na ubatizo wa watoto ishirini na wawili. Jumatano ingekuwa Jumatano ya Majivu, na ndani ya Kwaresima hakufungisha ndoa. Angerudi Masakta mwishoni mwa Mei.

Na Fabiola alikuwa na mimba ya miezi sita. Halikuwa jambo la siri, maana lilikuwa limekaa naye kwenye benchi likitazama mbele. Babu yake, mzee Akonaay, alibatizwa akiwa na miaka tisa na alisali rozari kila jioni, lakini palikuwa na jambo moja ambalo maji ya ubatizo hayakulifikia. Kwake, mtoto ambaye mama yake hajaolewa hazaliwi ndani ya mpaka wa ardhi ya ukoo. Mwanamke huyo hupelekwa kuzalia ng'ambo, kwa watu wasiomjua, na huko hubaki. Yusta, mdogo wake Getruda, alipelekwa hivyo mwaka wa themanini na moja. Hakuna aliyewahi kuambiwa alifika wapi. Fabiola alijua kuhesabu mpaka Mei kama kila mtu mwingine kwenye gari.

Kurudi nyuma pia hakukuwezekana. Asubuhi ile, kabla ya kutoka uani, alikuwa amepakwa siagi kichwani na mikononi. Kwao, binti aliyepakwa siagi ya kutokea hageuki. Akigeuka, ni sawa na kusema nyumba anayoiendea watu wake wote wamekufa. Wolfgang alikuwa na uzoefu na jambo hilo. Mwaka juzi alibeba bibi harusi wa Dongobesh aliyesahau viatu nyumbani, naye akaolewa pekupeku, huku viatu vikionekana dirishani.

Mwanamke mmoja alianza kulia. Getruda alimgeukia.

"Safari ikiharibika, wewe usiharibike nayo," alisema. "Teremsheni mabenchi. Chai iko kwenye ndoo ya bluu."

Mabenchi yaliteremshwa yakapangwa ukingoni, kama kanisani, yakitazama ng'ambo. Chai ikamiminwa. Octavian alipewa kikombe cha kwanza kwa sababu alikuwa anatetemeka. Fabiola alikaa mbele, shela imekunjwa vizuri mapajani, akampigia simu Gidion, mchumba wake, huku akimwona amesimama hatua thelathini kutoka pale akiitafuta simu mfukoni.

"Umefika wapi?" Gidion aliuliza.

"Nipo hapa. Nakuona. Umevaa tai ya kaka yako."

"Yangu imechomwa na pasi. Si uje?"

"Barabara haipo."

"Nasikia imekwenda mjini."

"Ndiyo."

"Basi subiri hapo hapo," Gidion alisema, akakata simu, akaenda kumwita padre.

Gidion alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa kufungua kitu akaona kimekwama wapi. Alijaribu kwanza kuvuka kutoka upande wake, akatembea robo saa, akaharibu suruali. Baada ya hapo alilitazama pengo lile kwa muda, akasema kwa sauti ya kawaida, bila kupaza, "Fabi." Na ng'ambo Fabiola akaitika. Sauti ilipita. Harufu ya pilau pia ilikuwa inapita, na ilikuwa imewatesa watu wa Endagikot tangu walipofika. Sauti na harufu havijawahi kutumia barabara.

"Padre," Gidion alisema, "tufungishe hapa."

Padre Isidori alikuwa mtu wa miaka sitini, magoti mabovu, mpole, lakini mtu wa kanuni. Alisimama ukingoni mwa Masakta akiwa amevaa kanzu nyeupe na buti za mvua.

"Kanuni inataka wawili hawa wawe pamoja mbele yangu," alisema.

"Wako mbele yako, baba," Getruda alijibu kutoka ng'ambo. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Lakini wako pamoja?"

"Unamwona Fabiola?"

"Namwona."

"Unamsikia?"

"Namsikia mpaka anavyopumua."

"Siku ya Krismasi, wewe ukiwa altareni, mimi huwa nakaa wapi?"

Padre alifikiri. "Nje, chini ya mti wa mchongoma."

"Ni hatua ngapi?"

"Kama sitini."

"Na misa yangu huwa halali au siyo halali?"

Watu wa Masakta walicheka. Padre hakucheka, kwa sababu hoja ilikuwa nzito. Alisema wasubiri, labda barabara itawahi, maana yeye angependa jambo hili lifanyike ndani ya nyumba ya Mungu, ambayo iko hapa hapa nyuma yake. Akakaa kwenye jiwe akafungua breviari, kitabu chake cha sala. Saa tano ilifika ikapita. Saa sita pia ikapita. Mlima Hanang ulijivika wingu, ukalivua. Kwaya ya Masakta iliimba nyimbo zote za kuingilia, ikabaki haina cha kuimba, ikaanza nyimbo za Noeli.

Octavian alikuwa anafuatilia sherehe kwenye simu, kwenye kundi la watumishi, na aliwapa taarifa bila kuombwa.

"Imefika uwanjani."

"Imekaa jukwaa kuu?" Wolfgang aliuliza.

"Hapana. Imekaa na wananchi. Juani."

Baada ya muda: "Inakatiwa utepe." Baada ya muda tena: "Mgeni rasmi ameanza kuhutubia. Ameiita barabara ukombozi wa mkulima."

"Mkulima gani?" Wolfgang aliuliza. Alikuwa anatoboa soli kwa bisibisi aishone kwa waya.

"Hajataja jina."

Saa saba na dakika ishirini Octavian alisoma jambo fulani kwenye simu, akalisoma tena, akafungua daftari, akalilinganisha na simu.

"Ametangaza kilomita arobaini za lami," alisema.

"Hii ina kumi na moja," Wolfgang alisema. "Za udongo. Nimeipiga miaka ishirini."

"Kwenye kitabu ni arobaini."

"Kitabu hakijawahi kukwama pale kwenye mfinyanzi."

"Mimi ni mlinzi wa kitabu, mzee. Mfinyanzi sijakabidhiwa."

Getruda aliweka kikombe chini. "Kijana," alisema taratibu, "ikirudi, itarudi na ngapi?"

Octavian alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Hakuwa mtu mbaya. "Barabara ni mtumishi, mama. Ikishasomewa, inatekeleza. Itarudi na arobaini."

"Na lami?"

"Lami imesomwa tu. Kilomita ndizo zilizosainiwa."

Kila mtu alilipiga jambo hilo hesabu kimya kimya. Kilomita arobaini za mfinyanzi, kwa Canter lenye tairi za mnada, mwezi wa Februari. Isingekuwa leo. Pengine isingekuwa hata kesho. Na upande wa pili Padre Isidori alikuwa amefunga breviari, amevua kanzu, anaikunja aitie kwenye begi la pikipiki.

Fabiola alisimama. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno ila kwenye simu.

"Baba," alimwita padre. "Ukiondoka leo, Mei nitakuwa mahali ambapo hata wewe hupajui. Sikuombi unihurumie. Naomba uniulize lile swali, na mimi nikujibu. Nimelijibu kimoyomoyo tangu Gehandu. Limebaki kutoka tu."

Padre alimtazama. Kisha alitazama lile tumbo, ambalo nalo lilikuwa linamtazama. Alikunjua kanzu, akaivaa ikiwa imegeuka ndani nje.

"Simameni," alisema.

Watu walisimama pande zote mbili. Gidion alisogea mpaka vidole vya viatu vyake vikavuka ukingo. Fabiola naye vivyo hivyo. Padre alikuwa ameshafika kwenye somo la kwanza, na hakuwa na mpango wa kuliacha, wakati simu ya Octavian ilipolia.

"Hotuba zimekatishwa," Octavian alisema. "Mgeni rasmi ana ndege. Barabara imeachiwa tangu saa saba na nusu. Simu zilikuwa hazina mtandao."

Hakuwa amemaliza kusema walipoiona. Ilikuwa inakuja juu ya kilima kutoka upande wa mjini, nyekundu, pana, ikienda kwa mwendo wa ng'ombe anayerudi nyumbani. Utepe ulikuwa umening'inia mwanzoni mwake kama ulimi. Kilomita zile mpya ilikuwa imezikunja mgongoni, na ilionekana zinaielemea. Mashimo yake yote yalikuwepo. Wolfgang aliyatambua moja moja.

"Fupisha, baba!" Gidion alisema.

"Ndoa haifupishwi!" padre alijibu, lakini aliruka zaburi.

Barabara ilifika ukingoni, ikainama, ikaanza kushusha ncha yake kwenye ule udongo mweusi. Getruda alipangusa mikono kwenye kitenge, akatembea mbele yake, akapiga goti dogo.

"Shikamoo," alisema.

Barabara ilisimama.

Ikumbukwe kwamba barabara hii haikutoka mbali. Ilichimbwa kwa majembe wakati wa Mwingereza, na waliochimba ni baba zao akina Akonaay, kwa hiyo iliwazidi umri wote waliokuwa pale. Ilikuwa imelelewa huku. Ilijua kwamba mkubwa akiamkiwa haendelei na shughuli yake mpaka salamu ziishe, na mkubwa anayejibu huku anatembea watu husema alikunywa maziwa ya mbwa.

"Marahaba," ilisema.

"Habari za safari?"

"Nzuri."

"Za mjini?"

"Nzuri."

"Mgeni rasmi hajambo?"

"Hajambo. Alinikanyaga hatua nne, akapangusa viatu."

"Walikupa chochote?"

"Walinimwagia boza la maji mbele tu, vumbi lisiwafikie. Nyuma nimekauka."

"Pole."

"Nimeshapoa."

Nyuma ya Getruda padre alikuwa anauliza kama wamekuja hapa kwa hiari, bila kushurutishwa. Fabiola alisema ndiyo kabla swali halijaisha. Getruda aliona Kiswahili kinakaribia kumwishia, akahamia Kiiraqw, lugha ambayo salamu zake hazina mahali pa kukimbilia. Aliuliza habari za ng'ombe. Barabara haikuwa na ng'ombe, lakini ng'ombe wa tarafa nzima walikuwa wanapita juu yake, kwa hiyo ililazimika kujibu kwa ajili yao wote. Aliuliza habari za ndama. Aliuliza maharage yametoa maua au bado, kando ya barabara, kulia, halafu kushoto. Aliuliza habari za madaraja yake mawili, yule mkubwa na yule aliyevunjika mguu mwaka wa mvua nyingi. Barabara ilijibu kila kitu kwa adabu, huku ncha yake ikiwa imening'inia hewani na utepe ukipepea.

"Mimi Gidion nakupokea wewe Fabiola," ilisikika kutoka ng'ambo.

"Na mbuzi?" Getruda aliuliza.

"Wazima."

"Katika taabu na raha," Gidion alisema.

"Na kondoo?"

"Mmoja anakohoa. Wa Masakta."

"Pole yake. Alianza lini?"

"Juzi."

"Katika magonjwa na afya," Gidion alisema.

Ikaja zamu ya Fabiola. Hakuharakisha. Alisema kila neno mpaka mwisho, kama mtu anayepanda mbegu kwa mstari, na Getruda, aliyekuwa ameshafika kwa punda, aligeuka kidogo amwone. Alipogeukia tena barabara, hakukuwa na mnyama aliyebaki.

"Na wewe mwenyewe," alisema, "mgongo?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuiuliza.

"Mgongo unauma," ilisema. "Hizi ishirini na tisa za juu sikuzizoea."

"Huwezi kuzishusha mahali? Urudi na zile kumi na moja zako?"

"Nimeshasaini, mwanangu."

"Alichounganisha Mungu," padre alisema kwa haraka sana, "binadamu asitenganishe. Amina."

"Amina," watu walisema pande zote mbili. Vigelegele vikapigwa. Pete ilibaki mfukoni mwa Gidion. Padre alisema pete ni alama tu, itafuata.

"Hongereni," barabara ilisema. "Sasa naomba mnipishe, niko kazini."

Ikalala. Ilijinyoosha polepole, kilomita baada ya kilomita, na kila ilipojinyoosha Masakta ilirudi nyuma. Kwanza hawakuona tena maputo. Kisha kanisa likawa dogo kama kiberiti. Padre alikuwa anawasha pikipiki na mlio wake ulififia. Gidion alisimama pale pale ukingoni akipunga mkono, na alipunga mpaka akawa mdogo kama tai aliyoazima, mpaka akawa hayupo, ila Fabiola aliendelea kupunga kwa dakika chache zaidi kwa sababu hakutaka awe wa kwanza kuacha. Kile kichwa cha vitunguu saumu kilianguka mahali fulani kwenye kilomita ya tano. Harufu ya pilau ndiyo iliyoondoka mwisho.

Walifika Masakta kesho yake saa tano asubuhi. Canter lilikwama mara tisa. Octavian, aliyeomba lifti, aliandika kwenye daftari kwamba gari liliegeshwa mara tisa, kwa kuwa kwenye lami gari halikwami. Halafu alivua sweta moja akaja kusukuma na wengine. Getruda aligawa mapumziko sawasawa, akakataza matusi mbele ya bibi harusi, na pale kwenye mfinyanzi mkubwa alipanga watu wasukume kwa wimbo wa komunyo. Pilau lilikuwa limelala, lakini lililiwa. Gidion alitoa pete. Vidole vya Fabiola vilikuwa vimevimba, ikamwingia kwenye kidole kidogo.

Watu waliizoea. Wanafunzi wa sekondari waliokuwa wanatoka nyumbani saa kumi na mbili walianza kutoka saa tisa alfajiri. Wachuuzi wa saumu walihamia kwenye mnada mwingine. Zile kilomita ishirini na tisa za katikati hazikuwa na kijiji wala shamba wala mti mkubwa, maana ziliandikwa mezani na aliyeziandika hakukumbuka kuziwekea kitu. Palikuwa na barabara tu na nyasi fupi za rangi moja. Ng'ombe walizikataa.

Mwezi wa Mei Fabiola alitaka kuzalia nyumbani Endagikot. Mzaliwa wa kwanza kwao huzaliwa kwa mama wa mama, na sasa alikuwa na haki hiyo, imeandikwa, ina mhuri wa parokia. Gidion alimpakia kwenye pikipiki alfajiri, na Getruda, aliyekuja kumchukua, akapanda nyingine. Waliondoka mapema. Kwa zile kilomita kumi na moja za zamani wangekuwa wamefika saa mbili.

Mtoto alizaliwa kilomita ya ishirini na tatu, kwenye mvua, juu ya koti la Gidion. Getruda alimpokea. Aliuliza kama kuna mtu ana maji, akakumbuka kwamba mvua inanyesha. Ilikuwa hivyo hivyo kwa upande wa jina. Mvua kwa Kiiraqw ni tluway, na mtoto akawa Tluway. Barabara ilijikaza isitetemeke mpaka walipomaliza, na pikipiki zilipokataa kuwaka, walitembea.

Walifika uani kwa mzee Akonaay jioni, jua bado lipo. Mzee alikuwa amesimama kwenye kizingiti na fimbo yake. Alikuwa ameshasikia. Mambo ya mpaka ndiyo mambo yake, na alikuwa amekaa nayo mchana kutwa. Mtoto alizaliwa nje ya ardhi ya ukoo, kama wale wa wanawake wasioolewa, hilo halikuwa na ubishi. Lakini alizaliwa nje ya ardhi ya kila ukoo. Hapakuwa pa Waendagikot wala pa Wamasakta, hapakuwa na mzee wa kupasemea, na kabla ya Februari hapakuwepo kabisa. Mtu hawezi kuzaliwa ng'ambo mahali ambapo hapana ng'ambo. Alikuwa amehitimisha kwamba mtoto atahesabiwa amezaliwa njiani kuja, na mtu aliye njiani kuja akifika amefika.

Fabiola aliinama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Za safari?"

"Njema, babu."

"Barabara haijambo?"

"Haijambo. Siku hizi ni lami."

Mzee Akonaay aliitazama miguu yake. Tope jekundu lilikuwa limefika magotini, na mahali pengine lilikuwa limechanganyika na kitu kingine chekundu.

"Naona," alisema, akaenda kumletea maji ya kunawa.